Ng'ombe Watatu Waliokuwa kwa Yudithi

Mwanangu Perisi,

Sikuulizi hali, maana saa moja haijapita tangu nikuone ukimeza ugali wa uwele na mlenda kama mtu anayefukuzwa, kisha ukarukia bodaboda kwenda Chemba kumuaga mama yako mdogo. Nimekuona mzima, una kelele zako, na kanga yangu mpya umeondoka nayo. Basi nimekaa hapa mezani mchana huu wa Alhamisi, nyumba imenyamaza, nami nina nafasi mpaka utakaporudi.

Mambo ya kufunga mlango, ya kuchemsha maji, ya kutoazimana nguo na wenzako, hayo nimekuimbia tangu una meno manne. Kama hayajaingia mpaka leo, basi tena. Barua hii ni ya jambo lingine. Ningekuambia kwa mdomo, na wiki hii nimejaribu mara tatu, lakini mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama umepiga pasi sketi. Mdomo huu unaogombana na wachuuzi wa mnada mzima, kwa hili umenigomea.

Nitaiweka chini ya nguo zako, na kesho ukiondoka nitakuambia kuwa ipo. Uisome mjini, mtaa wa Kikuyu, kwa mjomba wako, kabla hujapanda basi la Dar Jumamosi. Nataka uisome ukiwa bado unaweza kugeuka.

Nianzie mbali kidogo. Mwaka nilipoanza kazi ya mifugo, hata baba yako sijamjua, nilitumwa kuchanja kuku kijiji kimoja cha huku ndani. Ugonjwa wa kideri ulikuwa unakuja. Nilibeba chanjo kwenye kikapu, nimeizungushia barafu na kitenge. Lori lililonibeba likaharibika njiani, tukakaa juani tangu asubuhi mpaka alasiri. Nilipofungua kikapu, barafu imekuwa maji, na maji yenyewe ya uvuguvugu. Nilijua kabisa kuwa chanjo imekufa. Lakini nilikuwa msichana mdogo, wanawake wameshakusanya kuku wao, wamewafunga miguu, wananisubiri na nyimbo. Nikachanja.

Wiki chache baadaye kijiji hakikuwa na jogoo hata mmoja wa kuwika. Nikaenda, nikasimama mbele ya wale wanawake, nikasema, dawa ilikufa kwa joto, nilijua, na niliwapa hivyo hivyo. Bibi mmoja akapiga makofi. "Loo! Huyu binti ana uso mkavu!" Wengine wakacheka, wengine wakanitukana kwa Kigogo chote wanachokijua, kisha wakanizungusha kaya kwa kaya kuzika mizoga. Nilizika mpaka mikono ikatoka malengelenge. Mwaka uliofuata bibi yule yule ndiye aliyeniletea mayai.

Nakueleza haya ili ujue kwamba kusema kweli niliwahi kuweza. Sikuzaliwa mwoga. Woga nilikuja kuupata baadaye, pamoja na cheo.

Sasa unakumbuka likizo ile uliyorudi kutoka chuo ukiwa huwezi kunyamaza? Uling'oa unywele mmoja kichwani mwangu, ukaona ni mweupe, ukacheka. Ukasema, "Mama, chukua unene wa huu, ugawe mara maelfu na maelfu, hapo ndipo unakaribia ukubwa wa chembe zetu. Zinaitwa nano." Ukanieleza kuwa chanjo inaweza kufungashwa ndani ya chembe hizo ikavumilia joto bila barafu. Nikalia. Wewe ulidhani ni fahari ya mzazi, na ilikuwa fahari kweli, lakini nilikuwa nawaona wale kuku. Halafu ukaendelea. Ukasema kuna dawa pia zinazovishwa ganda la mafuta dogo kiasi hicho, zinatembea na damu, zinajiachia kidogo kidogo kwa msimu mzima, na zinafika mahali ambapo dawa ya kawaida haifiki.

Nikakuuliza, "Na kwenye kondo la nyuma? Zinavuka kwenda kwa ndama?"

Ukanitazama kwa mshangao. "Swali zuri hilo, mama. Umelijuaje?"

"Nimeuliza tu," nikasema, nikaenda jikoni.

Sikuuliza tu, Perisi.

Ulikuwa kidato cha pili, uko bweni, mradi wa kujaribu dawa ya mifugo ulipokuja kwetu mara ya kwanza. Unajua nagana inavyotutesa huku, mbung'o wanatoka porini, ng'ombe anakonda umemsimamia. Wafugaji walikuwa wanachoma sindano za dukani bila mpango mpaka ugonjwa ukazizoea. Mradi ukaja na dawa yao mpya, sindano moja tu kwa msimu mzima, imefungashwa katika chembe hizo hizo unazonisimulia. Walitaka kuijaribu kwa ng'ombe ishirini wa mtu mmoja, boma moja. Nikawapeleka kwa Mzee Ndahani, na mimi nikafanywa mwangalizi wa jaribio. Gari la mradi lilikuwa linanishusha hapo mlangoni, watu wanaona. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa ananitania, "Haya, mheshimiwa, shuka polepole usije ukaumia." Nilikuwa nacheka, lakini kile kichwa kilikuwa kimeshavimba kweli.

Sharti lao kubwa lilikuwa moja. Ng'ombe aliyechomwa asitoke kwenye boma lile mpaka jaribio liishe. Nikamwambia Ndahani. Akasema, "Sawa, Mama Mifugo." Mimi nikaandika kwenye fomu, *ng'ombe wote wako boma moja na watabaki hapo*. Nikasaini.

Wale wataalamu walikuwa wageni, hawakuwa na namna ya kujua. Lakini mimi, Mgogo, mtoto wa Mgogo, mwenye mitamba yangu miwili kwa mjomba wako! Ni nani kwetu anayeweka ng'ombe wake wote zizi moja, wasubiri ugonjwa mmoja au mwizi mmoja? Mtu anao wawili kwa shemeji, wanne kwa rafiki, mmoja kwa jirani asiye na kitu. Anayewatunza anakunywa maziwa, mwenyewe anabaki na ng'ombe wake, na undugu unakua. Wala humuulizi mtu wako wangapi na wako wapi, hiyo ni kama kumhesabia watoto wake hadharani. Ndahani aliposema sawa, alikuwa ananiheshimu tu. Nilijua hivyo. Nikaacha ipite, kwa sababu fomu ilitaka jibu moja na gari lilikuwa linawaka nje.

Yudithi unamkumbuka. Yule mjane wa upande wa pili wa korongo, aliyekuwa anakuita mkwe wake na kukupa karanga. Mumewe alikuwa amekufa mwaka ule, ana watoto wanne, mdogo bado ananyonya na maziwa yenyewe yamekata kwa njaa. Ndahani akamwonea huruma. Tuseme kweli, Ndahani alikuwa mtu mwema. Mwezi mmoja hivi baada ya sindano, akachukua majike watatu wenye mimba, akawavusha korongo, akamkabidhi. Wakizaa, watoto wapate maziwa. Hakuniambia, na kwa nini aniambie? Kwa desturi yetu hakufanya kosa lolote, alifanya jambo la kusifiwa.

Mimi nilikuja kugundua siku mbili kabla ya wataalamu kurudi kuhesabu na kuchukua damu ya pili. Natazama zizini, hereni za njano, zile zenye namba walizovalishwa masikioni ng'ombe wa jaribio, ziko kumi na saba. "Mzee, watatu wako wapi?" Akatazama pembeni. "Wapo." Nikarudia. "Wapo, Mama Mifugo, hawajapotea." Nikajua zaidi ya hapo hataniambia, na nikajua pia kwamba wataalamu watauliza kwa nini mwangalizi hajui waliko wanyama wa jaribio.

Hapo nilikuwa na njia ya kusema. Ningesema tu, jamani, watatu wametoka, ndiyo mila yetu, nilikosea kutowaambia. Wangekunja uso, wangeandika watatu wamepungua, basi. Lakini nilikuwa na hereni tupu za akiba kwenye mfuko, na ile kalamu ya wino usiofutika, na koleo. Nikatafuta zizini majike watatu wasiochomwa sindano, waliofanana na wale, mwekundu, mweusi mwenye tumbo jeupe, na wa kijivu. Nikaandika namba zile zile. Nikawatoboa masikio. Ndahani amesimama ananiangalia, haulizi kitu, anafikiri ndivyo serikali inavyotaka. Kazi yote haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai.

Wataalamu wakaja, wakahesabu ishirini, wakachukua damu, wakanisifu. Majike wale watatu wa uongo nao walikuwa na mimba, na walikuja kuzaa salama, ndama wazuri. Ikaandikwa hivyo. Hakuna ng'ombe aliyetupa mimba.

Na kule ng'ambo ya korongo, Perisi, wote watatu walitupa. Mmoja baada ya mwingine, mwezi huo huo mmoja. Yule mwekundu hakupona, alikaa siku chache akafa. Yudithi akafanya inavyopasa. Akamchuna, akabeba ngozi na nyama kichwani, akavuka korongo kwa miguu kumpelekea mwenye mali ushahidi, ili isije ikasemwa kuwa amemla. Ndahani akaipokea ngozi, lakini wake zake wakaanza. Ng'ombe wetu wote hapa wamezaa vizuri, mbona wa kwako tu? Mbona wote watatu? Mume amekufa, sasa ng'ombe wanakufa, mama huyu ana nini?

Nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda pale uani nakunywa maziwa, na ile ngozi iko chini, inzi wamejaa. Nilitazama lile sikio. Hereni ya kweli ilikuwa bado imening'inia. Yudithi akanigeukia. "Mama Mifugo, wewe ndiye msomi. Waambie, kuna ugonjwa unaofanya hivi?"

Nikasema, "Magonjwa ni mengi, mama. Siwezi kusema."

Kisha nikajitolea kusaidia kuitandaza ngozi ikauke, ili niikate ile hereni bila mtu kuona. Niliitia mfukoni.

Watu wakamtenga. Ndahani akawarudisha wale wawili waliobaki. Kisimani wanawake wakimwona wanafunika ndoo. Wewe ukaja likizo, ukaniuliza, na hili ndilo linaloniamsha mpaka leo. Ulikuwa umesimama hapo mlangoni na sare yako. "Mama, wanasema mama Yudithi ni mchawi. Ni kweli?" Ulikuwa unampenda yule mama. Ulitaka niseme hapana. Nami nikakujibu, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Methali kabisa! Nikaitumia kukufunga mdomo. Hukwenda tena kula karanga kwake, na kabla ya mavuno akahama na watoto wake, akaenda Gulwe kwa kaka yake.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana wewe ni mtu wa maabara na utaniuliza. Sisemi ile dawa ni sumu. Kuna ugonjwa wa kutupa mimba tunaoujua sote, huenda ulikuwa huo. Huenda ni njaa, huenda ni mwendo wa kuvuka korongo. Wapo ng'ombe wenye mimba waliobaki kwa Ndahani wakazaa vizuri, na hao ni wa kweli. Huenda ni dawa ile inamdhuru mnyama aliyedhoofika tu. Sijui, mwanangu. Hakuna anayejua, kwa sababu mimi nilifuta. Kulikuwa na jambo la kuulizwa, nikalitoboa sikio nikalivalisha jibu.

Cheti walichonipa ndicho kile ukutani ulichokifuta vumbi Jumapili. Baba yako alikitundika mwenyewe, akapiga msumari akijisifu kwa majirani kuwa ameoa mwanamke mkweli. Alikufa akiamini hivyo.

Miaka minane nimekaa nalo. Nilikuwa najiambia mradi umeondoka, dawa imeishia huko huko. Wewe ukasoma, ukapenda mambo hayo hayo, nikajiambia ni vizuri, dunia ina chembe nyingi. Kisha ukapata kazi, ukaja unaruka, unanisomea jina la maabara, nami nikakaa chini. Ni wao, Perisi. Kazi unayokwenda kuripoti Jumatatu hii ni ya watu wa dawa ile. Ulidhani nimekaa chini kwa furaha.

Na wiki mbili zilizopita maboksi yameshushwa hapa ofisini kwangu. Jina jipya, kopo jipya zuri, lakini karatasi ya ndani nimeisoma nikaitambua. Imeandikwa, *salama kwa ng'ombe wenye mimba*. Najua sentensi hiyo imetoka wapi. Imetoka kwenye koleo langu. Jumatatu itakayofuata, siku saba baada ya wewe kuripoti, natakiwa nianze kuchoma kijiji kwa kijiji. Na huu ndio wakati ambao majike karibu wote wana mimba kubwa na wamekonda, wanasubiri mvua.

Nikaona mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikaenda kwanza Gulwe.

Nilimkuta Yudithi anapepeta uwele. Amekuwa mkongwe kabla ya umri. "Mbukwa," nikamwambia, akaitikia, akanipa kigoda kama vile jana tu tulikuwa kisimani. Nikamweleza yote, hereni, ngozi, sikio, mpaka jibu nililokupa wewe mlangoni. Nilipomaliza, akaendelea kupepeta kidogo, halafu akaweka ungo chini.

"Rodha," akasema, "mimi mwenyewe nilianza kuamini."

"Kuamini nini?"

"Kwamba ninao. Nilijiuliza, labda ninao huo uchawi, ila mimi mwenyewe sijijui. Ndiyo maana wajukuu wangu siwashiki wakiwa wachanga. Nina wajukuu watano. Namwambia binti yangu mikono yangu inauma."

Nililia mbele yake kama mtoto, na hakunibembeleza, na hakuwa na sababu ya kunibembeleza. Aliniacha nilie mpaka nimalize. Kisha akauliza, "Na dawa hiyo, bado ipo?"

"Ipo. Inakuja kwa ng'ombe wote. Na Perisi anakwenda kufanya kazi kwao."

Akashika mdomo. "Yule mkwe wangu?"

"Huyo huyo."

"Basi unakaa hapa kwangu unafanya nini?"

Nikaondoka. Jumanne nikaenda kwa Ndahani. Nikamweleza naye, uani pale pale. Alisikiliza akiwatazama ng'ombe wake, mbung'o wamemmalizia watano mwaka huu. Mwisho akasema taratibu, "Mama Mifugo, umechoka. Kapumzike." Nikamwambia, mzee, yule mama hakuwa na kosa. Akainua fimbo yake, akasema kwa sauti sijawahi kuisikia kwake, "Dawa ni nzuri. Nimeiona kwa macho yangu. Usiniletee mambo." Namwelewa. Akinisadiki mimi, itabidi akubali kwamba alimfukuza mjane bure, na katika uzee ule hataki kubeba mzigo huo. Wenzake wote wanamsikiliza yeye. Wanaihesabia dawa ile siku.

Jana, ulipodhani nimekwenda mjini kukununulia shuka, nilikuwa ofisi ya mradi, uliorudi pamoja na maboksi yale. Nilikuwa nimeandika yote, kurasa tatu. Kijana aliyenipokea ana adabu sana, "Shikamoo mama," akanivutia kiti, akaniagizia chai. Akasoma mpaka mwisho. Akakunja karatasi vizuri.

"Mama, hizi data zilishafungwa. Ripoti imeshasainiwa huko juu. Tukirudi nyuma leo, ni kuanza moja."

"Anzeni moja, basi."

Akatabasamu. "Na aliyesaini ni wewe. Ishirini kwa ishirini. Leo unasema ulidanganya. Watu watauliza, alidanganya lini, wakati ule au sasa?" Akaitia barua yangu kwenye droo, akaifunga. Akanisindikiza mpaka getini, mkono wake umeshika kiwiko changu kama mtu anayemsaidia bibi yake. Tulipofika akasema polepole, "Si binti yako ndiye anayeripoti kwetu Jumatatu? Ana akili yule. Mama, usimharibie."

Nilikununulia zile shuka, nikapanda gari, nikarudi.

Kwa hiyo nimebaki na wewe, na naona haya kusema hivyo. Mzazi anatakiwa amtengenezee mtoto njia, mimi nimekuchimbia shimo na sasa nakuomba uingie unitolee kitu. Lakini sikia. Kila ng'ombe alitolewa damu mara mbili, mara ya kwanza siku ya sindano na ya pili siku niliyowadanganya. Vichupa vilipelekwa Dar kwenye friza lao, na wewe mwenyewe umeniambia kuwa kazi yako ya kwanza itakuwa kupanga sampuli za zamani. Tafuta namba nne, namba kumi na moja na namba kumi na sita. Pima vinasaba katika damu ya kwanza na ya pili. Kwa namba nyingine zote utakuta ni mnyama mmoja. Kwa hizo tatu utakuta wawili tofauti. Mimi wanaweza kuniita mzee aliyechanganyikiwa. Damu hawawezi kuiambia hivyo.

Utakachokifanya baada ya hapo sitakuamulia. Wakijua umegusa jambo hilo watakufukuza, huenda na wengine wasikuchukue. Mimi nitashitakiwa, na inanistahili, wala usijaribu kunitetea. Ukiulizwa kama unamfahamu mwanamke aliyebadilisha hereni, unaweza kusema humfahamu. Sitakulaumu.

Na kama utaona kazi ni yako na dhambi ni yangu, ichome barua hii hapo Kikuyu, upande basi lako. Sitakuuliza maisha yangu yote. Mama yako anajua kukaa kimya, amefanya mazoezi.

Nakupenda, Perisi. Najua sijakuambia mara nyingi, nilikuwa nakupikia tu nikadhani inatosha. Nakupenda na ninakuogopea, na kwa mara ya kwanza katika maisha yako ninakuogopa wewe pia, utakavyonitazama ukirudi.

Mimi Jumatatu ile sitashika sindano. Nimeshawaandikia kwamba nakataa. Wataleta mtu mwingine, kijana, mwenye mkono mwepesi kuliko wangu, atapita maboma yote ya bonde hili kabla ya mvua. Atahesabu ng'ombe walio zizini, atachoma, ataandika, atasaini. Na kila mwenye boma, moyo wake ukiwa mwema, atawavusha wawili watatu kimya kimya kwenda kwa mama fulani asiye na maziwa. Akina mama hao ni wangapi, mwanangu, na wako korongo lipi, mimi sijui. Hakuna aliyewaandika.

Mama yako,
Rodha